Jungu lisilo na ukoko: kababu za rojo kwa anayerudi jioni

Swali la msomaji: "Shikamoo shangazi. Mimi ni mtu wa Tanga, sasa naishi Minneapolis na mume wangu na watoto watatu. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Natoka nyumbani saa 12 asubuhi, narudi saa 10 jioni nimechoka. Nimenunua ile sufuria ya umeme inayopika polepole ili tukute chakula cha moto. Jumatatu nikafinyanga kababu kama alivyonifundisha mama, kwa vitunguu vibichi na tangawizi ya kutosha, nikazitumbukiza mbichi kwenye nyanya na lita moja ya maji, nikaenda zangu kazini. Kurudi, nakuta uji wa nyama ya kijivu chini na maji mekundu juu. Watoto wakala mkate. Nakosea wapi? Na nikichelewa asubuhi, naweza kutia nyama ikiwa bado barafu? Desemba nakwenda nyumbani, natamani nimpelekee mama sufuria kama hii. Itafaa?"

Marahaba mwanangu, na pole na kazi. Kababu za mama yako hazina kosa hata moja. Kosa ni kwamba zile ni kababu za karai. Zimepangwa tangu mwanzo zikutane na mafuta yanayochemka, zishike ngozi ndani ya dakika moja, ziive upesi, ziepuliwe. Wewe umezitia mahali ambapo moto unapanda kidogo kidogo mpaka saa zinapita. Kila kilichokuwa kinakusaidia kwenye karai, humo ndani kimegeuka.

Mimi nimefundisha upishi Tanga miaka 22, lakini somo la sufuria hii nililipata ukubwani, nilipokwenda kumlea mjukuu Ohio majira ya baridi. Binti yangu alikuwa nayo kabatini, haijaguswa. Siku ya kwanza niliyoitumia nilivuta kiti nikakaa mbele yake. Baada ya saa mbili kifuniko cha kioo kikaanza kutoa jasho. Tone linajikusanya juu, linanenepa, linateremka pembeni, linarudi kwenye mchuzi. Halafu jingine. Hakuna mvuke unaotoka wa kutaja. Nilipoona hivyo nikaelewa kwa nini mchuzi wangu ulikuwa maji: kila tone nililotia asubuhi lilikuwa bado mle ndani jioni, na nyama na nyanya zilikuwa zimeongeza la kwao.

Wazee walisema jungu kuu halikosi ukoko. Jungu hili la umeme linaukosa. Halikaushi, halichomi. Nyama na vitunguu hupata ile rangi ya kahawia na ile harufu inayowatoa watoto chumbani pale joto la juu ya nyama linapovuka nyuzi 140 za Selsiasi hivi, na ndani ya mchuzi wenye maji joto haliwezi kuvuka nyuzi 100. Kwa hiyo kuunga mchuzi si kazi ya jungu. Ni kazi yako, ukaifanye kabla. Ukilikubali hilo moja, mengine yote yanakuwa mepesi.

Tena ujue chombo hiki kilitengenezwa kwa ajili ya nini. Mtu aliyekibuni aliitwa Irving Naxon, fundi wa Chicago, akapewa hataza yake mwaka 1940. Mama yake alimsimulia habari za chakula kiitwacho cholent walichokipika Wayahudi wa Vilnius, huko Lithuania: Ijumaa jioni, kabla ya Sabato kuingia, chungu cha maharage na nyama kilipelekwa kwa mwoka mikate na kuachwa kwenye oveni yake usiku kucha, kiive kwa joto linalofifia, kwa sababu siku ya Sabato hairuhusiwi kuwasha moto. Kampuni ya Rival ya Kansas City ilinunua biashara yake mwaka 1970, na mwaka uliofuata ikakitoa kwa jina la Crock-Pot. Nakusimulia haya kwa sababu yanaeleza tabia ya chombo. Sisi wa pwani tunalijua wazo lile lile kwenye bokoboko: ngano na nyama, moto mdogo, saa nyingi, mwiko mwishoni. Vyote hivyo ni vyakula vigumu vinavyoomba muda. Nyama ya kusaga haiombi muda. Mashine ya kusagia ilishamaliza kazi ya kulainisha. Kababu hazihitaji saa sita za moto. Tunachofanya ni kuziandaa ziweze kuzivumilia, kwa sababu wewe hupo nyumbani.

Tuanze na nyama yenyewe. Kilo 1 inawatosha watu watano na inabaki ya kesho. Usinunue ile isiyo na mafuta kabisa ukidhani ni bora; baada ya saa nne itakuwa kama machicha ya nazi. Tafuta yenye mafuta asilimia 15 hadi 20, au nenda kwenye duka la nyama halali hapo mjini kwenu umwombe muuzaji akusagie nyama ya bega. Bega lina mafuta yake na lina ladha.

Tia chumvi kwanza, peke yake, gramu 12, yaani vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa kwa kisu. Kanda kwa mkono dakika mbili. Utahisi nyama inabadilika: mwanzoni inachambuka kwenye vidole, kisha inaanza kunata na kuacha utando kiganjani. Huo utando ndio gundi yako. Chumvi imetoa protini ya nyama nje, na hiyo ndiyo itakayoshika kababu isivunjike, kuliko hata yai. Usikande dakika kumi, maana utapata soseji, inadunda mdomoni.

Kisha mkate. Slesi tatu bila maganda, loweka kwenye maziwa nusu kikombe, yaani mililita 120, uponde mpaka uwe kama uji mzito, usiukamue. Najua wengine wanasema mkate ni wa kuongeza wingi. Kwa kababu za karai huenda ndivyo. Kwa kupika polepole mkate una kazi kubwa zaidi: wanga wake unashikilia maji ya nyama, na unakaa katikati ya nyuzi zake zisijikaze zote kwa pamoja. Nimezipika kwa saa tano bila mkate na kwa mkate, jungu moja, siku mbili mfululizo. Zisizo na mkate mjukuu wangu alizitafuna akazitoa. Yai moja linatosha.

Sasa vitunguu, na hapa ndipo kababu zako zilipovunjikia. Kitunguu kibichi kilichokatwakatwa kinatoa maji. Kwenye karai ngozi ya kababu inashika kabla maji hayajatoka, mambo yanakwisha. Kwenye jungu kababu inakaa saa nzima na zaidi ikiwa laini bila kushika, kitunguu kinalia ndani yake, nafasi zinafunguka, inamomonyoka. Kwa hiyo kitunguu cha ndani ya nyama kikaange kwanza mpaka kilainike na kukauka maji, ukiache kipoe kabisa ndipo uchanganye. Ukitaka kubaki na kibichi, basi kikune, ukikamue kwa kitambaa mpaka kiwe kikavu.

Na tangawizi. Mwanangu, hili sikulijua mpaka nilipoharibu chakula mara mbili. Unajua jinsi tunavyopaka papai bichi kwenye mishkaki ili nyama ngumu ilainike. Papai lina kimeng'enya kinachokata protini ya nyama. Tangawizi mbichi nayo inacho cha kwake, na hupenda sana joto la nyuzi 60 hivi. Likizidi sana kinakufa. Kababu ikitiwa kwenye mafuta ya moto inapita kwenye joto hilo kwa dakika chache, kimeng'enya hakipati nafasi. Jungu lako linalipita joto hilo taratibu mno. Tangawizi yako "ya kutosha" ilikaa mle ikikata nyama asubuhi nzima, na ndiyo maana hukukuta hata vipande, umekuta uji. Papai usilikaribishe kabisa kwenye kababu za namna hii. Tangawizi itie kwenye mchuzi, ikaangwe pamoja na vitunguu. Moto ukishaipiga sawasawa haina madhara, na ladha yake unaipata yote.

Viungo vya ndani ya nyama: kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba iliyosagwa, viwili vya giligilani, kimoja cha pilipili manga, nusu ya mdalasini, saumu punje nne ulizozikaanga pamoja na kile kitunguu, na kotmiri iliyokatwa ndogondogo, kiganja kimoja. Kata donge dogo kama gololi, likaange, uonje. Nyama mbichi haionjwi, na chumvi ikikosekana hapa hakuna mchuzi utakaoirudisha ndani.

Finyanga kwa mkono uliolowanishwa, kila moja kama ndimu ndogo, gramu 40 hivi, upate kama 30. Zikiwa kubwa kama chungwa hazitashika katikati. Zikiwa ndogo kama kokwa la tende zitakakamaa. Zipange kwenye sinia, zifunike, zilale kwenye friji. Ubaridi unazikaza umbo, na hii yote ni kazi ya usiku, watoto wakishalala.

Usiku huohuo unga mchuzi. Vitunguu maji vitatu vikubwa, mafuta vijiko vinne vya chakula, moto wa kati, na uvumilivu wa dakika 20. Ninaposema kahawia simaanishi vilivyolegea. Namaanisha rangi ya vitunguu vya pilau. Tia saumu na tangawizi iliyopondwa, koroga mpaka harufu ya ubichi ikatike. Tia unga wa ngano vijiko vitatu vya chakula, uukaange na mafuta yale dakika mbili tatu; huo ndio utakaokupa rojo. Halafu nyanya nzito ya kopo vijiko vitatu, uikaange hadi iwe nyekundu ya kuiva na mafuta yaanze kujitenga, ndipo nyanya za kusaga, kopo moja la gramu 400. Manjano kidogo, giligilani, chumvi. Karafuu mbili tu na kijiti kifupi cha mdalasini. Nimesema mbili. Ukizoea kutia sita kwenye mchuzi wa jikoni, humu zitajaza kinywa kama dawa ya meno, kwa maana harufu haina pa kutokea.

Kimiminika ni supu ya mifupa au maji mililita 400, si zaidi, na kidogo yake uibakize pembeni kwa kazi ya asubuhi. Najua utaona ni kidogo, utatamani kuongeza. Usiongeze. Asubuhi jungu litaonekana kavu, kababu zikichungulia juu ya mchuzi. Jioni zitakuwa zimezama nusu, na mchuzi utashika kwenye mwiko. Wewe ulitia lita nzima, na nyanya juu yake.

Sasa utaniuliza, kwa nini nisikaange kababu usiku huohuo nikamaliza? Kwa sababu nyama iliyopata rangi nje ikabaki mbichi ndani haifai kulazwa kwenye friji. Imepashwa joto la kuwaamsha bakteria bila kuwaua, kisha ikawekwa ikae. Ama uiache mbichi kabisa mpaka asubuhi, ama uiivishe kabisa. Mimi nashauri mbichi. Saa 11 na robo asubuhi washa oveni nyuzi 220, hiyo oveni yenu ya Marekani itaandika 425. Ikishika moto, ingiza sinia la kababu juu ya rafu ya juu, dakika 15. Oga, vaa. Wakati huo mchuzi wa friji uko kwenye jiko unachemka. Ukitoa sinia kababu zina rangi ya kahawia juu na zimeshika. Zitie kwenye jungu, mwaga juu yake mchuzi unaochemka.

Usioshe sinia kwanza! Chini yake kuna yale mafuta na ule utandu mweusimweusi ulioganda. Huo ndio ukoko ambao jungu haliwezi kuutengeneza. Chukua supu kidogo ya moto kutoka kwenye zile mililita 400, mwaga kwenye sinia, kwangua kwa mwiko wa mti mpaka pawe safi, umimine yote jungu. Ukipunguza hatua zote nilizotaja usipunguze hii.

Kuhusu saa. Kwenye jungu moto mdogo na moto mkubwa vyote hufika karibu na kuchemka. Tofauti ni muda wa kufika huko. Ukiwa nyumbani Jumapili, kababu zilizopita oveni na mchuzi uliochemka zinakuwa tamu kabisa baada ya saa tatu au nne za moto mdogo. Siku ya kazi wewe unakosekana saa kumi. Jungu la kitufe cha kuzungusha, ambalo halijizimi, litazipika saa zote kumi na kababu zitakuwa ngumu na za kuchambukachambuka hata ukifuata maneno yangu yote. Kama lako ni la namna hiyo, pika Jumapili, nitakueleza chini namna ya kupasha. Kama lina saa ndani yake, liweke moto mdogo saa sita, kisha lijihamishe lenyewe kwenye hali ya kuhifadhi joto, si zaidi ya saa nne. Humo chakula kinatakiwa kibaki juu ya nyuzi 60, ambazo kwa vipimo vya huko ni 140. Nunua kipimajoto cha jikoni cha kuchoma kwenye nyama, si ghali, ukipime chako siku moja ya mapumziko. Kwa kipimajoto hichohicho, katikati ya kababu panatakiwa pawe pamefika nyuzi 71, au 160 kwa Farenhaiti. Rangi isikudanganye, nyama ya kusaga inaweza kuwa ya kahawia ikiwa haijafika hapo.

Na ile saa ya kuchelewesha kuwasha, kwamba utie nyama saa 12 lijiwashe saa 4? Hapana. Nyama mbichi haikai saa mbili nje ya friji, hata Minnesota kwenye theluji, kwa sababu jikoni kwako hakuna theluji.

Barafu nayo ni hivyohivyo, mwanangu. Usitie nyama iliyoganda. Jungu lina nguvu ndogo, na donge la barafu katikati litalifanya likae saa nyingi kwenye joto kati ya nyuzi 4 na 60, na hapo ndipo vijidudu huzaana vizuri kabisa. Mtu mzima ataumwa tumbo siku moja, mtoto mdogo anaweza kulazwa. Ihamishe nyama kutoka kwenye friza kwenda kwenye friji jana yake, chini kabisa, ndani ya bakuli. Ukisahau, siku hiyo pikeni mayai. Yale madonge ya nyama ya dukani yaliyokwisha kuivishwa kiwandani ni habari nyingine, fuata maelezo ya pakiti yake.

Mfundishe na mume wako asifunue funue. Kila kifuniko kikiinuliwa joto lililokusanyika linatoka, na jungu linahitaji dakika kama 20 kulirudisha. Watoto wakitaka kuona, kioo kipo, waone kupitia hapo.

Watoto wengi wanapenda viazi ndani. Vikate vidogo, vya ukubwa wa tende mbili, uvipange chini kabisa, si juu. Viazi kwenye nyanya huchelewa kulainika, uchachu unavikaza, na chini ndiko kwenye joto la uhakika.

Sasa umerudi saa 10. Vua viatu, osha mikono, funua. Tui zito la nazi, kopo nusu, mililita 200 hivi, linaingia sasa hivi na si asubuhi. Ukilitia asubuhi litakatika, utakuta mafuta yanaelea na chengachenga nyeupe chini. Mtindi nao ni vilevile. Koroga polepole pembeni pembeni usivunje kababu, funika, dakika 15 za moto mkubwa. Kijiko kimoja cha chai cha garam masala, kwa kuwa viungo vya asubuhi vimebakisha ladha na kupoteza harufu. Zima. Kamua ndimu nusu, tupia kotmiri mbichi.

Rojo ikiwa bado nyepesi kwa kupenda kwako, usikimbilie konflawa. Teka mchuzi peke yake kwenye sufuria pana, uuchemshe bila kifuniko kwenye jiko dakika nane mpaka kumi, uurudishe. Utakuwa umeondoa maji na kubaki na ladha, badala ya kuyafunga maji kwa unga. Konflawa ni ya siku ya haraka: kijiko kimoja cha chakula kwenye maji baridi vijiko viwili, na iingie mwishoni. Ikipikwa asubuhi hadi jioni pamoja na nyanya inavunjika, mchuzi unarudi majimaji kana kwamba hukutia kitu.

Kuleni na wali mweupe. Chapati pia, ila wali ndio unaoinywa rojo hii inavyostahili. Kilichobaki kisilale kwenye jungu; udongo wake unashika joto kwa muda mrefu na chakula kinapoa kwa uvivu. Kigawe kwenye vyombo vifupi, kiingie kwenye friji kabla saa mbili hazijapita, kiliwe ndani ya siku tatu au nne. Kupasha ni kwenye sufuria ya kawaida mpaka kichemke kabisa. Jungu la polepole halipashi kiporo. Yule wa kupika Jumapili, hiyo ndiyo njia yake: Jumatatu na Jumanne mnapasha jikoni dakika kumi, na kababu za siku ya pili, kwa ulimi wangu, ni tamu kuliko za kwanza.

Umeuliza habari za mama. Wazo ni zuri, ila usimnunulie huko. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa Tanga ni 230. Chombo cha kupasha cha volti 120 kikichomekwa kwenye 230 kinavuta nguvu karibu mara nne. Cha wati 250 kitataka kuwa cha wati 900 na kitu, na udongo na nyaya zake hazikutengenezwa kwa hilo. Kitaungua, na kama hayupo jikoni kinaweza kuungua na pazia. Transfoma zipo, lakini mzigo wa kubeba na kusimamia kifaa cha namna hiyo kila siku si wa kumtwisha mtu mzima. Mnunulie Dar es Salaam, au kama unapitia Dubai nunua hapo, lenye maandishi ya volti 220 hadi 240 chini yake. Kwa matumizi, la wati 250 likiwaka saa sita mfululizo halizidi uniti moja na nusu za LUKU.

Kuna suala la umeme kukatika. Mchagulie la kitufe cha kuzungusha au la saa, yote mawili yana ubaya wake na unapaswa kumweleza. La saa, umeme ukirudi halijiwashi tena. Atakuta limezimika, na angalau atajua. La kitufe linajiwasha lenyewe kimya kimya, na asiyekuwepo hatajua kwamba nyama ilikaa saa tatu ikipoa kisha ikapashwa. Kwa hilo la pili, chomeka kando yake ile saa ndogo ya umeme inayoanza kuwakawaka umeme ukikatika. Akirudi akakuta inawakawaka na hajui ulikatika muda gani, chakula kimwagwe, hata kama kinanukia. Akiwa nyumbani umeme ukakatika, ahamishie kwenye gesi au mkaa papo hapo amalizie.

Na mama yako, kama mama wote wa Tanga, siku ya pili tu atatia maharage. Kwa hiyo mwambie hili kabla hujampa: maharage mekundu yana sumu yake ya asili inayokufa kwa mchemko wa kweli, na jungu la polepole linaweza lisifike huko. Tena kuyapika kwenye joto la nyuzi 80 tu kunaweza kuizidisha sumu hiyo. Ayaloweke usiku, amwage yale maji, ayachemshe jikoni kwa maji mapya yanayotokota nusu saa nzima, amwage tena. Hapo yanaweza kuingia kwenye jungu na vitunguu alivyovikaanga, mpaka jioni, na tui lingoje kama lilivyongoja kwenye kababu.